Jaketi Lisilopigwa Pasi

Jumanne, 2 Julai. Arua

Vifungo kumi na vinne tangu asubuhi. Sare za shule, mashati yote. Watoto wa mtaa wa Oli wanakula vifungo, sina maelezo mengine. Mvua imepiga bati la kibanda changu sokoni hadi saa nne, halafu jua, halafu mvua tena. Cherehani ilikuwa inalia kama mbuzi. Nimeipa mafuta, imenyamaza. Laiti watu nao wangenyamaza kwa mafuta.

Saa sita Neima amepiga simu kutoka Koboko. Binti wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu ana miaka saba, sasa anafundisha michezo shule ya msingi na ni mrefu kunishinda. Amechaguliwa! Wasichana wanane kutoka Uganda nzima wanapelekwa kupanda Rwenzori mpaka kilele cha Margherita, kwenye barafu, na mmoja wao ni wetu. Nimeruka. Nimegonga kichwa kwenye boriti. Haikuuma.

Wenye safari watawapa kamba, viatu vya meno, kofia ngumu na koti la mvua. Lakini kila msichana aje na jaketi lake la mlimani, lile laini. Kwenye karatasi wameliita sofisheli. Litakaguliwa Kasese tarehe 23, kabla hawajagusa mlima. Asiye na jaketi la kufaa anarudi kwao, na msichana wa tisa ameshafunga mzigo anangoja nafasi.

Neima akasema ataazima kwa mtu. Nikamwambia, "Uazime? Kwani baba yako mdogo ni nani?" Simu ilikuwa kwenye spika. Soko lote limesikia. Nimeahidi jaketi ambalo mlima wenyewe utalisalimia kwanza.

Sasa lazima nishone.

Alhamisi, 4 Julai

Leo nimewasomesha watu wa soko. Sofisheli si sweta, maana sweta inapitisha upepo kama mlango wa baa. Si koti la mvua, maana hilo linakufungia jasho ndani unaiva kama muhogo. Iko katikati. Kitambaa kinavutika, kinazuia upepo, manyunyu yanateleza juu yake, na jasho linapata njia ya kutoka. Mpandaji anakaa nalo mwilini kutwa nzima akifanya kazi. Koti la mvua analitoa mambo yakiharibika.

Wote walinisikiliza midomo wazi. Nikawaambia nimeyajua haya nilipopanda Rwenzori hadi kambi ya tatu, nikiwashonea wapagazi.

Daftari halina mdomo, basi niseme ukweli hapa. Nilikaa Kasese siku mbili tu. Nilishona suruali tatu za wapagazi. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu, sikuona hata mguu wake. Habari za jaketi nimezisoma kwenye simu ya Ayikoru, mke wangu, na nyingine kanieleza Neima. Ila Juba nimefika, Bunia nimefika, Kisangani nimefika na nikaugua huko. Hizo hakuna wa kuninyang'anya.

Mchana nikaenda Vurra kwa Mama Safi, mama wa Kongo anayefungua marobota ya mivumba, yaani mitumba, karibu na mpaka. Anajua kila nguo iliyowahi kuvaliwa Ulaya.

"Taban, unatafuta nini?"

"Jaketi ya barafu, mama."

"Barafu gani ya Arua? Ata soda yenu iko ya moto."

Tumepekua marobota mawili. Chini kabisa, jaketi la buluu, zipu nzima. Nimemwagia maji ya chupa: yakawa shanga, yakadondoka. Nimepuliza kwa mdomo: hewa haikupita. Nimevuta kitambaa: kikarudi mahali pake kama unga wa chapati uliokandwa vizuri. Nimelibusu. Mama Safi akasema haliuzwi kwa kubusiwa.

Ijumaa, 5 Julai

Neima amekuja kupimwa. Tatizo ni mikono.

Ana mikono ya babu yake. Marehemu baba alikuwa sajini, na watu wa Koboko wanasema akipiga saluti ndani ya nyumba anatoboa bati. Mikono ileile. Jaketi la buluu linamkaa mwilini vizuri, lakini mkono unakomea katikati ya kiwiko na kiganja. Ayikoru alicheka mpaka akakalia kikapu cha nyanya. Nyanya zimekufa.

Sasa ndiyo nimejua hofu aliyonificha kwenye simu. Hakuna mtu wa kumwazima. Jaketi la urefu wake halipo, hapa wala Koboko. Alisema polepole, akitazama chini, kwamba wanafunzi wake wamechora mlima ubaoni na kumchora yeye juu yake. Kila asubuhi wanamsogeza hatua moja.

Nikamwambia fundi si mtu wa kutafuta nguo inayotosha. Fundi ni mtu wa kutosheleza.

Maneno mazuri. Nimeyaandika nisiyasahau.

Jumapili, 7 Julai

Nimekwenda Inde, leo ni siku ya soko lao. Nimepata jaketi la pili la aina ileile, jeusi, limechanika mgongo. Mikono yake mizima. Mwili wa buluu, mikono myeusi. Litakuwa kama kunguru aliyeoga.

Jumanne, 9 Julai

LIMEKWISHA. Niandike kwa herufi kubwa, nimestahili.

Mikono nimeifikisha mpaka kwenye kifundo na nikaongeza vidole viwili vya heshima. Na kwa kuwa mimi si fundi wa kuunga tu, ndani nimetia bitana. Satini nyekundu, ya kumeremeta. Koti lisilo na bitana ni koti la mtu asiye na ndugu. Kisha kanji kwenye kola. Kisha pasi ya makaa, makaa ya kutosha, mpaka mkunjo wa mkono umesimama wima kama askari wa gwaride. Unaweza kukata mkate kwa mkunjo ule.

Baba alitulea hivyo. Nguo isiyopigwa pasi, alisema, ni nguo ya mahabusu. Hata shuka zetu zilikuwa na mkunjo. Hata kamba ya viatu, siku za sikukuu.

Nimelitundika mlangoni. Watu wamekuja kutazama toka upande wa samaki. Mmoja ameniita Fundi wa Theluji. Nimemkatalia kidogo, kwa adabu, ili arudie kwa sauti zaidi.

Furaha tele. Nimekula enyasa, ugali wetu wa muhogo, sahani mbili.

Alhamisi, 11 Julai. Koboko

Nimekuja mwenyewe kulijaribu. Mlima Liru uko hapa, hauna barafu lakini una miamba, na Julai hii una mvua. Tumeanza asubuhi, Neima mbele, mimi nyuma na mwavuli.

Niandike haraka, inaniuma.

Nusu saa hajafika popote na tayari analoa kwa ndani. Jasho halina pa kutokea. Satini imemganda mgongoni kama ngozi ya pili. Halafu mvua ikaja. Pale pasi ilipopita, kitambaa kilikuwa kinang'aa, nami nilidhani ni unadhifu. Kumbe kimeungua. Maji hayakuwa shanga tena. Yaliingia kwenye ule mkunjo wangu wa gwaride, yakashuka nao hadi kwenye kiganja kama maji kwenye mfereji.

Na mwisho, mwamba. Akainua mikono kushika jiwe. Jaketi lote likapanda naye. Tumbo nje, mgongo nje, mvua juu yake. Akishuka, analivuta chini. Akiinua mkono, linapanda. Mara kumi, mara ishirini.

Juu alikuwa anatetemeka. Juu ya Liru tu, jamani, mahali mbuzi wanalala. Nikamuuliza likoje.

"Iko sawa, Baba mdogo."

Amenidanganya ili nisiumie. Hilo ndilo limeniumiza.

Ijumaa, 12 Julai. Arua

Nimeharibu. Hakuna namna nyingine ya kuliandika. Jaketi la buluu lilikuwa zima, mimi nikaliua kwa pasi. Siku kumi na moja zimebaki.

Nimeliondoa mlangoni. Watu wakauliza. Nikasema nimelificha wasiibe ufundi. Watu wamecheka pamoja nami. Nimejisikia mwongo. Kwa kawaida uongo wangu hunipa joto, leo umenipa baridi.

Ayikoru amenipikia dengu.

Nimempigia Mama Safi, nikamweleza yote, hata pasi. Halafu kicheko kilichotoka Vurra, nadhani, bila kupita kwenye simu.

"Mutu anapiga pasi kwa nguo ya mupira! Ngojea. Niko natafuta."

Jumapili, 14 Julai

Mama Safi kaita: njoo mbio. Nimekwenda mbio, nyuma ya pikipiki, baada ya misa ya Ayikoru.

Ameniwekea jaketi la kijani, la mwanaume, refu kama sala ya mgeni. Halina doa. Mikono inanifika magotini. Mama Safi anasema aliyelivaa lazima alikuwa anasafisha madirisha bila ngazi. Amefungua marobota manne kulitafuta, na amekataa chochote kutoka kwangu. "Ni ya mutoto," alisema. Aliposhika mkono wangu kuniaga aliukaza. "Ukipiga hii pasi, mimi nakupiga wewe pasi."

Sasa nina mikono mirefu ya kutosha. Jasho nalijua, bitana itoke. Maji nayajua, pasi ikae mbali. Lakini lile la kuinua mikono silijui. Nimekata karatasi, nimechora, nimefuta. Nikilegeza mabega, upepo unaingia. Nikirefusha pindo, linapanda hilohilo. Nimevaa jaketi la kijani na kuinua mikono mbele ya kioo kama mtu aliyeshikwa na polisi. Limepanda.

Kuna mtu mmoja anayejua mikono. Simpendi. Yaani nampenda. Yaani yeye hanipendi mimi, na ana haki.

Jumatatu, 15 Julai. Koboko

Mzee Swadik ndiye aliyenifundisha kushona. Fundi wa kanzu, Koboko nzima inaswali na kanzu zake. Nilikaa kwake miaka minne. Nikaondoka siku moja nikisema mbele ya watu kwamba kanzu ni gunia lenye kola, na mimi nakwenda Arua kushona suti. Sikuaga. Ni miaka kumi na miwili. Nikienda Koboko napita barabara ya nyuma.

Leo nimepita ya mbele.

Alikuwa anadarizi kola, miwani puani. Hakuinua macho. "Nani huyu anaziba mwanga?"

"Ni mimi, Mzee. Taban."

"Taban yupi? Yule wa suti?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kaa. Magunia bado iko mingi."

Nimekaa saa mbili kwenye kigoda. Nimekunywa chai ya mkandaa. Wateja walikuja, kila mmoja akaambiwa, huyu ni fundi mkubwa wa Arua, amekuja kutusalimia. Walinipa pole. Nikavumilia. Kwa Neima ningevumilia kigoda kile mpaka kiote majani.

Mwishowe akasema, toa. Nikatoa majaketi yote mawili, lililoungua na zima. Akaligeuza la buluu, akaona satini nyekundu. Akaitazama muda mrefu.

"Hii bitana ni ya nani? Ya mtoto, au yako?"

Akanipa wembe. Nikaifumua mwenyewe, mbele yake, mshono kwa mshono.

Halafu nikamweleza la mikono. Alisimama, mzee yule, na kanzu yake, akainua mikono yote miwili juu kana kwamba anachuma embe la mwisho. Nikatazama pindo kwenye kifundo cha mguu. Halikusogea hata unywele.

"Mtu ananyosha mkono kwa takbiri, kwa dua, kwa kubeba jeneza," alisema. "Kanzu ikipanda, aibu. Njoo uone gunia."

Akanionyesha kwapani. Kikwapa! Kile kipande kidogo cha pembe nne kinachotiwa kati ya mkono na ubavu. Nimeshona mamia nikiwa kwake. Nilikiona ni kazi ya kunichosha bure. Kumbe kipande kile ndicho kinachouachia mkono uende bila kuivuta nguo nzima.

Nilitaka kucheka, nikalia kidogo. Nikaomba msamaha kwa lile la gunia. Mzee akafuta miwani.

"Miaka kumi na mbili unashonea watu nguo ya kusimama tu," akasema. "Maskini. Hata taksi wanashindwa kuita."

Hapo ndipo tumecheka.

Alhamisi, 18 Julai. Koboko bado

Nimebaki. Nimempigia Ayikoru, akasema kaa, sare zitangoja, watoto waende bila vifungo.

Kazi imekwenda hivi. Nimekata jaketi la kijani kwa mwili wa Neima, mikono kwa mikono ya babu yake. Vikwapa nimevitoa kwenye mgongo wa jaketi la buluu, pale ambapo pasi haikufika. Mzee akavipima kwa vidole vyake, hatumii futi. Mara ya kwanza nilikata vidogo. Akanipiga mkononi na kipande cha chaki. Nina miaka arobaini na minne.

Sindano ya jezi, ile yenye ncha butu, isitoboe nyuzi za mpira. Mshono wa nyoka, ili uvutike pamoja na kitambaa. Mahali sindano ilipopita nimesugua nta ya nyuki kutoka kwa jirani mwenye mizinga, maji yasipate mlango. Pasi hapana. Nimelainisha mishono kwa kiganja.

Bila bitana linaonekana nyonge. Nywele za mishono zote nje. Ningeliona miezi miwili iliyopita ningemcheka fundi wake.

Jumamosi, 20 Julai

Liru tena. Mvua tena, asante Mungu. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu nimeombea mvua nikiwa nje.

Neima alipanda kama anaitwa. Nilimfuata nikipumua kama garimoshi. Kwenye mwamba uleule akasimama, akanitazama, akainua mikono yote miwili mpaka mwisho.

Pindo halikusogea!

Akashika jiwe, akajivuta. Halikusogea. Akanyoosha mkono pembeni, mbele, nyuma kama mwogeleaji. Halikusogea. Maji yakawa shanga mabegani na kudondoka. Juu nikatia mkono mgongoni kwake, ndani ya jaketi, kama mama anayempima mtoto homa. Pakavu. Joto. Pakavu!

Nikacheza. Sina aibu. Nilicheza juu ya Liru, mvua ikininyeshea, kiatu cha kushoto kikaondoka na kuteremka mlima mzima chenyewe. Sikukiona tena. Nimeshuka na kimoja na ni ushindi mkubwa kuliko wote niliopata, pamoja na ule wa kupona Kisangani.

Neima akasema, "Baba mdogo, sasa iko sawa." Macho yake yalikuwa kwangu, hayakwenda chini.

Jumatatu, 22 Julai. Arua

Amepanda basi alfajiri. Jaketi amelivaa, hakulipakia. Wanafunzi wake wamempa chaki nyeupe aigusishe kwenye barafu arudi nayo. Ayikoru amempa karanga za kusaga za kulisha kikosi.

Mimi nilimpa nasaha za mtu aliyefika kambi ya tatu. Halafu nikamvuta pembeni nikamwambia sijawahi kufika hata ya kwanza. Akasema, "Najua. Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua! Miaka yote hii. Na bado wananiuliza niwasimulie. Watu wa Arua ni watu wema sana.

Jumanne, 23 Julai

Ukaguzi ulikuwa saa nane. Tangu saa tano sikushika sindano. Kabla ya hapo nilishona shati moja, mikono ikatazama nyuma.

Saa kumi simu. Nikaiweka kwenye spika. Nilikuwa nimejiapiza nisifanye hivyo tena, lakini kidole kina mazoea.

Mkaguzi ni mama mmoja mwembamba, kiongozi wa mlima, amepanda mara nyingi kuliko alivyokwenda sokoni. Akalivuta jaketi. Akalipuliza. Akamwaga maji begani. Akageuza ndani, akauliza ni la duka gani hili lisilo na jina. Neima akasema ni la Koboko. Akamwambia, inua mikono. Akainua. Mama yule akamzunguka, akamwambia inua tena. Kisha akawaita wenzake. Jaketi la msichana mwingine, jipya la dukani, lilipanda mpaka mbavuni, akaambiwa avae fulana ndefu ndani.

Neima amepita. Msichana wa tisa amepewa chai na nauli ya kurudi. Namwonea huruma kweli, Mungu ampe mlima mwingine.

Na wamepiga picha kwapa. Kwapa letu! Nimezunguka soko nikiwaambia watu mmoja mmoja, hata waliosikia.

Alhamisi, 25 Julai

Mlimani hakuna mtandao. Nimeambiwa. Bado napiga.

Jumamosi, 27 Julai

Kimya. Baridi ya usiku kule yaweza kuua mtu, nimesoma, nisingesoma. Naiwaza mishono. Mshono wa kikwapa cha kushoto, ule wa mwisho, niliushona nimechoka. Je, nilirudia mara mbili? Nilirudia. Nadhani nilirudia.

Watu sokoni wameacha kunitania. Wananiletea ndizi kama mtu mwenye mgonjwa.

Jumapili, 28 Julai

Leo ndiyo siku ya kilele kwa mujibu wa karatasi. Ayikoru kanisani, mimi msikitini, ingawa ni Jumapili na sina ratiba. Nimeona bora tushike milango yote miwili.

Naogopa. Basi.

Jumatano, 31 Julai

AMEFIKA. AMEFIKA JUU. AMESHUKA. YUKO KASESE ANAKULA SAMAKI.

Nimeketi chini kwanza. Sasa naandika vizuri.

Wawili kati ya wanane walirudi njiani, kichwa kiliwauma vibaya, ni mlima, si aibu. Sita walifika. Siku ya kilele kulikuwa na upepo na theluji laini, na kuna ukuta wa barafu ambapo mtu hupanda kwa shoka na meno ya viatu, mikono juu ya kichwa muda wote. Neima anasema hapo alinikumbuka, mimi na Mzee Swadik, maana tumbo lake halikupigwa na upepo hata mara moja. Wasichana wawili nyuma yake walikuwa wanashuka kuvuta nguo. Yeye alikuwa anapanda tu.

Picha imeingia. Nyeupe tupu, na katikati Neima, kijani na vikwapa vya buluu, mikono yote miwili juu. Mikono ya sajini. Mtu mwingine angetazama uso wake kwanza. Mimi nimetazama pindo.

Limelala kiunoni kama paka.

Soko limelipuka. Vigelegele, sufuria, honi za pikipiki. Mama Safi kaja toka Vurra na ngoma nzima ya watu wake. Wakaniweka juu ya meza ya samaki nihutubie. Fundi wa Theluji! Fundi wa Theluji! Nikafungua mdomo kujisifu, na Mungu ndiye shahidi nilikuwa nimejiandaa vizuri.

Nikajisikia nikisema: kwapa si langu. Ni la Mzee Swadik wa Koboko, fundi wa kanzu, mwalimu wangu, niliyemtukana. Kitambaa ni cha Mama Safi. Yangu ni pasi tu, na iliharibu.

Halafu kelele mara mbili ya zile za kwanza. Sikujua kwamba ukweli nao unapigiwa honi.

Kisha nikajisifu. Kidogo. Kama saa moja.

Jumapili, 4 Agosti. Koboko

Neima amelala nyumbani kwake tangu jana. Wanafunzi walikuja asubuhi, wakaacha viatu mlangoni, wakamtazama akilala, wakaondoka kwa ncha za vidole. Chaki iko dirishani. Imeliwa na barafu upande mmoja.

Jaketi nimelifua kwa maji matupu na kulitundika kwenye waya kivulini, uani kwa Mzee. Kola ina chumvi nyeupe ya jasho, haikutoka yote. Kiwiko cha kulia kimekwaruzwa na jiwe. Nimekitia kiraka kidogo.

Mzee Swadik amekaa upande wa pili wa waya, anadarizi. Pasi yake iko pembeni, baridi. Hakuna anayeitazama. Ameniwekea kanzu tatu za kukata kabla sijarudi Arua, na sikuuliza kwa nini.

Adhuhuri ilipokaribia akasimama, akashika kikwapa cha kushoto cha jaketi, akakifuata kwa kidole gumba toka pembe hadi pembe.

"Hapa mshono umepinda."

Nikaenda kutazama. Kweli, umepinda. Nikarudi kwenye kigoda nikaendelea kukata.